Mwenye bunduki husamehewa, mwizi wa kuku husahauliwa

Swali hili hurudi kila mara gereza linapojaa hadi watu wakalala kwa zamu: je, serikali iwaachilie wafungwa ambao hawakumwaga damu ya mtu? Katika mitaa ya Goma, Beni na Bunia, na katika kambi za watu waliohama vijiji vyao, jibu la kwanza mara nyingi ni hapana. Mtu aliyekimbia Masisi, Rutshuru au Djugu na mtoto mgongoni hana hamu ya kusikia habari za mwizi anayefunguliwa. Nyumba yake ya sasa ni turubai, na turubai halina kufuli.

Hofu hiyo ina msingi. Lakini swali lenyewe huulizwa kana kwamba mlango wa gereza ukishafungwa unabaki umefungwa. Historia ya Congo inasimulia kingine. Magereza ya nchi hii yamefunguliwa mara nyingi sana: na waasi, na moto, na msongamano wenyewe, na wanasiasa waliohitaji amani ya haraka. Mara chache tu yamefunguliwa na hakimu aliyeketi, akasoma faili moja baada ya nyingine, akasema huyu abaki, huyu aende nyumbani.

Kodi, pamba na mahubiri

Gereza, kwa maana ya nyumba ya kumfungia mtu miezi na miaka, lilikuja na utawala wa kikoloni. Kabla yake, katika sehemu nyingi za nchi hii, kosa lililipwa kwa fidia: mbuzi, majembe, kazi katika shamba la aliyekosewa. Si kwamba haki ya wazee ilikuwa ya malaika, maana mtu aliweza pia kutolewa utumwani kwa ajili ya deni. Lakini kumweka mtu ndani ya ukuta bila kazi, huku shamba lake likiota majani na watoto wake wakilala njaa, ni jambo ambalo wazee hawakulijua.

Wabelgiji walipojenga magereza yao, waliowajaza humo hawakuwa wauaji kwa wingi. Walikuwa watu walioshindwa kulipa kodi, waliotoroka kazi ya barabara au ya mgodi, waliokataa kulima pamba waliyoamriwa, waliokutwa nje ya eneo lao bila karatasi. Asubuhi walitoka kwa mstari kufagia mji na kuchimba mifereji, na aliyelegea alionja fimbo ya ngozi ya kiboko. Kwa mkoloni, mfungwa wa kosa dogo hakuwa mzigo. Alikuwa mfanyakazi asiyelipwa, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa na haraka ya kumwachilia.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Simon Kimbangu. Alihubiri miezi michache tu mwaka 1921 huko Nkamba, katika Congo ya Chini. Hakubeba silaha, hakuua mtu. Mahakama ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu kifo Oktoba 1921. Mfalme Albert aligeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akasafirishwa hadi Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mbali kabisa na watu wake. Alifia huko tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30 ndani. Miaka minane baadaye, Desemba 1959, utawala uleule ulilitambua kanisa la wafuasi wake kuwa halali.

Wiki chache tu baada ya hapo ukaonekana upande wa pili. Januari 1960 Patrice Lumumba alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa sababu ya machafuko ya Stanleyville, Kisangani ya leo, akapelekwa gereza la Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi. Wakati huohuo Brussels ilikuwa imeitisha mkutano wa kujadili uhuru, na wajumbe wenzake wa Congo walidai awepo. Mlango ulifunguliwa. Kabla mwezi kwisha alikuwa ameketi mezani Ulaya. Wala Kimbangu wala Lumumba hakuwa na bunduki mkononi. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na watu wenye sauti waliomngoja nje, na mwingine walimwachia ukuta.

Magereza yaliyorithiwa baada ya uhuru ni yaleyale. Makala ya Kinshasa ilijengwa mwaka 1957 kwa ajili ya watu 1,500. Munzenze ya Goma ilikusudiwa watu wasiofika 400, wakati Goma yenyewe ilikuwa mji mdogo kando ya ziwa. Nchi nzima ilikuwa na watu milioni 15 hivi. Leo wanapita milioni 100. Kuta hazikuongezeka kwa kiasi hicho, wala mahakimu.

Anayelala ndani ni nani

Anayepita barabarani huona ukuta na kudhani nyuma yake kuna wauaji watupu. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi, karibu watu saba kati ya kumi walio katika magereza ya Congo hawajahukumiwa. Wanangoja. Baadhi yao wamengoja muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangehukumiwa siku ya kwanza.

Sheria haikutaka hivyo. Katiba ya Februari 2006, katika kipengele cha 17, inasema uhuru ndiyo kanuni na kufungwa ndiyo jambo la nadra. Kipengele cha 18 kinakataza polisi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya mamlaka ya sheria. Amri ya tarehe 6 Agosti 1959 kuhusu mwenendo wa kesi za jinai, iliyoachwa na mkoloni na inayotumika bado, imepanga hesabu ya siku: hakimu anaweza kuruhusu mtu azuiliwe siku 15, kisha mwezi mmoja, kisha mwezi mwingine. Kwa kosa ambalo adhabu yake ni miezi sita au zaidi, kuongeza huko hakupaswi kupita mara tatu mfululizo, na baada ya hapo ni lazima mahakama iamue hadharani. Kwa hesabu ya kawaida ni miezi mitatu na nusu hivi. Anayetembelea gereza lolote la mashariki atakutana na watu wenye mwaka, miaka miwili, hata zaidi, ambao hawajawahi kusimama mbele ya hakimu wa kuhukumu.

Njia ya kuingia ni fupi. Mtu amekopa dola kwa jirani ili afungue biashara ya makala au ya maziwa, biashara imekufa, deni limebaki. Deni peke yake si kosa la jinai. Lakini mdai akienda kwa afisa wa polisi, na afisa akaandika kwamba huyu alikabidhiwa mali akaisaliti, basi deni limekuwa kesi ya gereza. Mwingine ameiba simu sokoni. Mwingine amekamatwa na kuku wawili. Mwingine alipigana kileoni, na mwenzake alishasamehe zamani, lakini faili liko mezani parke na hakuna wa kulifuata. Anayekuwa na ndugu mwenye makuta hutoka kwa dhamana. Wengi hawajui kwamba pesa ya dhamana, kisheria, hurudishwa kwa mtu aliyehudhuria kesi yake hadi mwisho. Wanaijua kama bei ya mlango.

Asiye na ndugu hubaki na vungule, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, mara moja kwa siku pale pesa ya serikali inapofika. Isipofika, watu hufa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 makumi ya wafungwa wa Makala walikufa kwa njaa na kukosa dawa, katika mji mkuu, si katika msitu wa mbali. Ndani, utaratibu uko mikononi mwa kapita na wasaidizi wake, ambao nao ni wafungwa. Mgeni hulipa ili apate mahali pa kulala. Asiyelipa husimama, au hulala karibu na choo. Jambo hili linazigusa familia zilizohama kuliko wengine. Mfungwa wa Congo hulishwa na mama yake, mke wake, dada yake anayebeba sahani hadi mlangoni. Mama huyo akihamia kambini kilomita 60 kutoka hapo, sahani haifiki tena.

Kisha ikaja hali ya dharura ya kijeshi. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumaliza makundi ya silaha. Lakini mahakimu wa kijeshi walikuwa wachache, na kesi ya mwizi wa mbuzi ikawekwa foleni moja na kesi ya mtu aliyechoma kijiji. Magereza ya Goma, Beni na Bunia yakavimba. Oktoba 2023 rais Félix Tshisekedi alitangaza kulegeza hali hiyo hatua kwa hatua, ila waliokuwa wameshaingia waliendelea kungoja.

Milango iliyovunjwa

Hapa ndipo hoja ya kwamba kuwabakiza wote ndani ni usalama inapoanguka.

Usiku wa Novemba 2012, M23 ilipoingia Goma kwa mara ya kwanza, zaidi ya wafungwa 1,000 walitoka Munzenze bila mtu kuwauliza jina. Tarehe 7 Septemba 2011, watu wenye silaha walishambulia gereza la Kasapa, Lubumbashi, na karibu wafungwa 1,000 wakaondoka. Miongoni mwao alikuwa Gédéon Kyungu Mutanga, mkuu wa Mai-Mai aliyehukumiwa kifo mwaka 2009 kwa makosa dhidi ya binadamu katika eneo la Mitwaba. Alirudi msituni. Miaka iliyofuata, eneo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto lilipewa jina la pembetatu ya kifo, na mamia ya maelfu ya watu wakahama makwao. Waliotoroka pamoja naye walikuwa nani? Wengi walikuwa wezi wa kawaida na watu waliokuwa wakingoja kesi. Walikuwa ndani kwa sababu hakuna aliyekuwa amewatenganisha na Gédéon.

Mei 2017 wafungwa zaidi ya 4,000 walitoka Makala baada ya shambulio lililohusishwa na wafuasi wa Ne Muanda Nsemi. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Juni, gereza la Kangbayi huko Beni lilishambuliwa. Watu 11 waliuawa, wengi wao walinzi, na zaidi ya wafungwa 900 wakatoweka. Kangbayi hiyohiyo ilivunjwa tena tarehe 20 Oktoba 2020, na mara hiyo waliotoroka walipita 1,300. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, Butembo: zaidi ya 800. Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa maana ya tarehe hizi. Katika mashambulio yote hayo, mshambuliaji alikuja kutafuta watu wake, na wengine walikuwa mlango uliowafunika. Kadiri gereza linavyojaa, ndivyo walinzi wachache wanavyozidiwa, na ndivyo mtu hatari anavyopata umati wa kujificha ndani yake.

Na pale umati unaposhindwa kutoka, hufa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, Makala ilikuwa na watu zaidi ya 12,000 katika nafasi ya 1,500. Walijaribu kutoroka. Serikali ilitangaza vifo 129: 24 kwa risasi, wengine wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa. Wanawake wengi waliokuwa katika sehemu yao walibakwa na wafungwa wanaume.

Miezi mitano haikutimia. Tarehe 27 Januari 2025, mji wa Goma ukiwa unaanguka mikononi mwa M23, Munzenze yenye watu zaidi ya 3,000 ilivunjwa kutoka ndani. Maelfu walikimbia. Moto ulishika sehemu ya wanawake. Umoja wa Mataifa ulisema zaidi ya wanawake 160 walibakwa na wafungwa waliokuwa wanatoroka, na wengi wao wakafa katika moto huo. Walikuwamo pia watoto waliokuwa wakiishi gerezani na mama zao. Majuma mawili baadaye gereza kuu la Bukavu nalo likabaki tupu.

Haya ndiyo matokeo ya sera ya kutomwachilia mtu. Wauaji walitoka. Wabakaji walitoka, na njiani walibaka tena. Waliobaki ndani, wakageuka majivu, ni wanawake.

Kalamu inayojua njia ya msituni

Mtu anaweza kusema: basi serikali ya Congo haina desturi ya kusamehe. Ina desturi hiyo, tena kubwa. Tarehe 7 Mei 2009 ilitangazwa sheria ya msamaha kwa vitendo vya vita na uasi katika Kivu mbili, baada ya makubaliano ya tarehe 23 Machi na kundi la CNDP. Tarehe 11 Februari 2014 ikatangazwa nyingine, baada ya M23 kushindwa. Sheria hizo ziliacha nje makosa ya mauaji ya kimbari, ya kivita na dhidi ya binadamu, lakini kubeba silaha dhidi ya nchi kulifutwa kwa karatasi moja. Gédéon mwenyewe alijisalimisha Oktoba 2016, akapokewa na wakubwa na kupewa nyumba Lubumbashi, hadi alipoondoka tena mwaka 2020. Tarehe 14 Septemba 2025 huko Doha, serikali na AFC/M23 walitia sahihi utaratibu wa kuachiliana wafungwa, Shirika la Msalaba Mwekundu likiwa mpatanishi.

Amani ina bei, na huenda baadhi ya karatasi hizo zilizuia vita vingine. Lakini mama mwenye kijana aliyefungwa kwa simu ya dola 40 ana haki ya kuuliza kwa nini kijana wake, kwa kukosa bunduki, hana mkutano wake wa Doha.

Kwa wafungwa wadogo, kumekuwa na majaribio mafupi. Machi 2019 rais Tshisekedi alisaini msamaha wa watu 700 hivi, lakini hao walikuwa wa siasa. Wakati wa korona, mwaka 2020, maparke yaliagizwa kupunguza watu, na mamia ya waliofungwa kwa makosa madogo wakatoka. Julai 2024 mwandishi wa habari Stanis Bujakera, ambaye mwenyewe alikaa Makala miezi sita, alionyesha picha za watu waliolala sakafuni wakibanana kama samaki wa kukaushwa. Waziri wa sheria, Constant Mutamba, alianza kuwatoa wagonjwa mahututi. Baada ya vifo vya Septemba aliachilia wagonjwa 1,685 kwa mara moja na kuwakataza waendesha mashtaka kupeleka watu wapya Makala. Alisema mahakimu ndio waliojaza gereza kwa kesi zisizostahili. Mahakimu walikasirika. Ugomvi huo ulisikika kuliko mjadala wenyewe, jambo la kusikitisha, kwa sababu katika hilo waziri alikuwa na sehemu kubwa ya ukweli.

Mutamba pia alitaka magereza mapya. Septemba 2025 mahakama ya juu, Cour de cassation, ilimhukumu miaka mitatu ya kazi za lazima kwa ajili ya dola milioni 19 zilizotengwa kujenga gereza la Kisangani. Wafuasi wake wanaona siasa katika hukumu hiyo. Vyovyote iwavyo, wanaosema dawa ni kujenga na si kufungua wana hesabu ngumu ya kufanya: kuta za Kisangani haziko, na watu wako.

Majirani wameonja njia hii kabla. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilikuwa na zaidi ya wafungwa 100,000, na wengi walikufa ndani kabla ya kesi. Mwaka 2003 iliachilia zaidi ya 20,000: wazee, wagonjwa, waliokiri, na waliokuwa wamekaa ndani muda unaolingana na adhabu yao. Hao hawakuwa wezi wa kuku. Manusura waliishi karibu nao kwa uchungu na woga, na baadhi ya walioachiliwa walirudishwa ndani baada ya gacaca kusikiliza mashahidi kijijini. Ilikuwa njia yenye maumivu, lakini kila mtu alikuwa na faili, na kijiji kilijua nani anarudi.

Burundi ilionyesha kosa lingine. Machi 2021 rais Évariste Ndayishimiye alitoa msamaha kwa zaidi ya wafungwa 5,000, na watu walicheza nje ya magereza. Lakini polisi waliendelea kukamata kama jana. Ilikuwa kama kukausha beseni huku robine iko wazi. Desemba ya mwaka huohuo gereza la Gitega, lililojengwa kwa watu 400 na lenye zaidi ya 1,500, liliungua. Serikali ilitangaza wafu 38.

Nani abaki, nani aende

Sasa ile hofu ya turubai. Familia iliyotoa ushahidi dhidi ya mbakaji, au iliyomtaja jirani aliyewaelekeza wapiganaji, inaishi na swali la siku moja kumkuta mtu huyo kwenye foleni ya maji. Familia hiyo ina haki ya kwanza katika mjadala huu. Mbakaji, aliyeua, aliyechoma, aliyewapeleka watoto msituni hawahusiki hapa hata kidogo, na sheria za Julai 2006 kuhusu ukatili wa kijinsia zinatoa adhabu zisizo za mchezo. Kuwatoa wezi wadogo ndiko kunakoacha nafasi, chakula na mlinzi kwa ajili ya kuwashika hao.

Ugumu uko katika majina ya makosa. Vijana wanaokamatwa kwa mkupuo mtaani huandikiwa "association de malfaiteurs", genge la wahalifu, kosa ambalo kanuni ya adhabu inalipa kifo. Kwenye karatasi wanaonekana majambazi wakubwa. Ukifungua faili hakuna shahidi, hakuna kitu kilichoibiwa, hakuna silaha. Kinyume chake, mtu wa kundi la silaha anaweza kuandikiwa kuwa na bunduki bila ruhusa, basi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema alichofanya nayo. Anayechagua kwa kuangalia jina la kosa tu atamfungia asiye na hatia na kumfungulia muuaji. Lazima faili lisomwe, na mahali ambapo watu walihama, lazima waliohama waulizwe kambini waliko. Kuulizwa tu kijijini hakutoshi, maana kijijini hakuna mtu.

Hilo halihitaji sheria mpya. Kanuni ya adhabu inaruhusu aliyehukumiwa kufunguliwa kwa masharti akishamaliza robo ya kifungo chake, mradi amekaa zaidi ya miezi mitatu, na akirudia kosa anarudishwa kumalizia. Waziri wa sheria ndiye anayeamua, baada ya kuuliza parke na mkuu wa gereza. Rais ana haki ya msamaha kwa kipengele cha 87 cha katiba. Mahakama zinazosafiri zimewahi kuketi ndani ya ua wa magereza ya mashariki, kwa msaada wa MONUSCO na mashirika, na kwa siku chache kumaliza kesi zilizolala miaka. Zilikuja pesa zilipokuwepo, zikakoma pesa zilipokwisha.

Kuna kundi moja ambalo halisemwi. Ni wale waliokimbia Munzenze na Bukavu wakiwa na kesi za deni, simu na kuku. Hawakuvunja mlango, waliukuta umevunjwa na moto uko nyuma yao. Faili zao hazikufungwa, na kisheria bado wanatafutwa. Baadhi wako kambini au wamelala kwa shemeji katika mji mwingine, hawathubutu kuomba karatasi yoyote. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kuchukuliwa na kundi la silaha, kwa sababu ndilo pekee lisilouliza ametoka wapi.

Kwa familia yenye mtu ndani, au yenye mtu aliyetoka kwa namna hiyo, vitu vya kwanza vya kutafuta na kuhifadhi ni viwili: jina la kosa kama lilivyoandikwa na parke, na tarehe ya agizo la kwanza la hakimu la kumzuilia. Siku 15 huhesabiwa kuanzia hapo, kisha mwezi, mwezi, mwezi. Tarehe hiyo ikiandikwa kwenye daftari la nyumbani, haitapotea hata kama gereza litaungua.